Unyevu uliojificha na kuta zinazoharibika katika nyumba za zamani Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanaulizwa na watu wanaokaa kwenye nyumba zenye umri: nyumba za Wahindi za Jinja na Mbale, kota za reli za Tororo, banglo za Entebbe, na nyumba za matofali ya kuchoma ambazo wazee walijenga Masaka au Soroti wakati mfuko wa simenti ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Majibu yote yanaelekea upande mmoja: tafuta maji kwanza, ukuta baadaye. Anayeshika mwiko kabla hajajua maji yanaingilia wapi atalipa kazi hiyo mara mbili.

Nilipaka rangi wakati wa kiangazi. Mvua za Machi zilipoanza, rangi ikafura chini ya ukuta na kubanduka. Nimeuziwa rangi mbovu?

Mara nyingi rangi haina kosa. Maji yamo ndani ya ukuta na yanatafuta pa kutokea. Yakikutana na utando wa rangi ya mafuta, yanausukuma mpaka unafura. Chukua ufunguo upasue lengelenge moja. Ukikuta majimaji au unga mweupe nyuma yake, na plasta inamomonyoka ukiikwaruza kwa ukucha, ukuta una maji. Ukikuta plasta kavu na ngumu, na rangi inatoka kwa maganda makubwa safi, hapo una haki ya kumuuliza aliyepaka: huenda alipaka juu ya vumbi, au juu ya rangi ya zamani inayong'aa bila kuipiga msasa.

Kuna desturi yetu moja inayozidisha tatizo hili. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno tunapaka rangi ya mafuta, mara nyingi ya kahawia au kijani iliyokolea, kwa sababu watoto wanachafua na ni rahisi kufuta. Madarasa yamepakwa hivyo, zahanati zimepakwa hivyo, na korido za nyumbani pia. Lakini sehemu hiyo ya chini ndiyo ambayo ukuta wa zamani unategemea kutolea unyevu wake. Ukiiziba, maji hayarudi chini. Yanapanda juu ya mstari wa rangi na kutokea hapo, na ndiyo maana mara nyingi utaona plasta inaharibika juu kidogo ya rangi ya mafuta huku yenyewe chini ikionekana nzima.

Nitajuaje maji yanatoka wapi?

Usikimbilie kubomoa. Angalia mambo matatu: urefu wa baka, umbo lake, na siku linapoongezeka.

Baka linaloanzia sakafuni, likaenda sawia ukuta mzima na kuishia chini ya mita moja, likiwa na mstari wa kahawia au mweupe juu yake, ni maji ya ardhini yanayopanda. Tofali na udongo uliounga matofali vina vitundu vidogo sana, na maji hupanda humo kama mafuta ya taa kwenye utambi. Ukuta ukiwa umefunikwa kwa simenti nzito au vigae pande zote mbili, maji yanaweza kuvuka hiyo mita moja, kwa hiyo urefu peke yake usikudanganye.

Baka lisilo na mpangilio, lililo upande mmoja wa nyumba tu, na linalojitokeza saa chache baada ya mvua ya upepo, ni mvua inayopenya. Tafuta ufa, kizingiti cha dirisha kilichoinamia ndani, au plasta ya nje iliyoachana na tofali.

Baka la juu karibu na dari linatoka kwenye paa: tundu la msumari wa bati uliolegea, kigae kilichopasuka, au pale paa mbili zinapokutana na majani ya mwembe yamejaa. Kumbuka kwamba maji yakiingia kwenye paa hayadondoki palepale. Yanafuata mbao za kenchi, yanaweza kutembea mita kadhaa, kisha yanashuka kwenye ukuta wa chumba kingine kabisa. Panda darini na tochi mvua ikiwa inanyesha. Saa moja ya kufanya hivyo ina faida kuliko wiki ya kubahatisha.

Baka lisilojali msimu, liko vilevile Januari kukiwa kukavu na Aprili kukiwa na mvua, lina bomba nyuma yake. Funga koki zote usiku, piga picha ya mita ya maji, na asubuhi kabla mtu hajafungua chochote piga nyingine. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali bomba linavuja. Mabomba ya chuma ya zamani huliwa na kutu kutoka ndani, na tundu la kwanza huwa dogo kama ncha ya sindano. Linanyunyiza ukuta mwaka mzima bila mtu kusikia.

Mabaka meusi ya ukungu kwenye kona, au nyuma ya kabati, mara nyingi ni unyevu wa hewa ya chumbani. Tutarudi kwenye hilo.

Ukiwa bado na shaka, bandika kipande cha nailoni angavu, upana wa nusu mita kila upande, ukikifunga kwa utepe pande zote nne. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, unatoka hewani. Na wakati unasubiri, chora kwa penseli ukingo wa baka na uandike tarehe pembeni. Baada ya mvua kubwa chora tena. Mistari hiyo itakuambia ukweli kuliko maneno ya mtu anayetaka kazi.

Fundi amekuja na mashine ndogo yenye sindano mbili, akaichomeka ukutani ikalia. Niamini?

Amini nusu. Mashine hiyo inapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi iliyomo ukutani inapitisha umeme hata ukuta ukiwa umekauka. Inafaa kulinganisha sehemu moja na nyingine ya ukuta uleule. Haifai kuwa sababu pekee ya kukuandikia bili kubwa.

Mbona nyumba za zamani ndizo zinazosumbuka zaidi?

Nyingi hazikuwekewa DPC, ile karatasi ya lami au nailoni nzito inayolazwa juu ya msingi kuzuia maji yasipande. Matofali yake yalichomwa kwenye tanuri la shambani, na kwenye tanuri hilo ya katikati yanaiva vizuri lakini ya pembeni yanabaki mabichi nusu. Tofali bichi nusu linanywa maji sana. Yaliunganishwa kwa udongo au chokaa, si simenti.

Hilo lenyewe si ubaya. Ukuta wa namna hiyo ulijengwa kulowa kidogo na kukauka, msimu baada ya msimu, na kuna zilizosimama tangu enzi za pamba. Ubaya umekuja baadaye. Uwanja umepanda: barabara imemwagiwa murram mara nyingi, bustani imejazwa udongo, takataka zimefukiwa, mpaka ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani. Gata zimeanguka hazikurudishwa. Na mji kama Jinja una historia yake pia. Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, nyumba zao ziliwekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali zao, na wengi walirudishiwa katika miaka ya 1990. Katikati hapo nyumba nyingi zilipita mikononi mwa watu wengi, na nyumba ambayo kila anayekaa ni mpita njia haina wa kupanda ngazi kusafisha gata.

Ule unga mweupe unaotoka ukutani ni nini? Ni ugonjwa?

Ni chumvi. Maji yakipanda yanabeba chumvi za ardhini na za tofali lenyewe, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kuziacha. Zikiganda huvimba, na nguvu hiyo inatosha kupasua plasta na uso wa tofali taratibu. Ukuta ulio karibu na choo cha shimo cha zamani au zizi huwa na chumvi mbaya zaidi, kwa sababu zile za mkojo hunyonya unyevu hata kutoka hewani. Ukuta kama huo unaweza kulowa siku ya mawingu ilhali chanzo cha maji kilishazibwa.

Usiuoshe kwa maji. Maji yanayeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Upige brashi kavu, kusanya unga kwenye gazeti, katupe mbali na nyumba.

Nikigonga, sehemu fulani zinatoa mlio wa uwazi. Nibomoe plasta yote?

Gonga kwa kifundo cha kidole ukianzia mahali unapojua ni pazima ili sikio lizoee. Mlio mzito, mfupi, ni plasta iliyoshika. Mlio wa uwazi ni plasta iliyoachana na tofali. Zungushia chaki. Ikiwa sehemu yenye uwazi ni ndogo na kavu, na haitikisiki ukiisukuma, inaweza kukaa miaka. Ikiwa ina unyevu au chumvi, itoke, na usiishie kwenye mstari wa baka: panda nusu mita juu yake, kwa sababu chumvi imefika mbali kuliko unavyoona.

Baba mkwe ndiye mwenye nyumba, na anasema tupige simenti kali yenye dawa ya kuzuia maji, basi. Nimjibu nini?

Mjibu kwa heshima, na umwombe sehemu moja ya kujaribia. Wazee wengi waliona simenti ikiokoa nyumba za udongo zisibomoke kwa mvua, na kwa macho yao simenti ni nguvu. Tatizo ni kwamba simenti kali kwenye tofali laini inaziba. Maji bado yanaingia kutoka chini, lakini sasa hayana pa kutokea. Tofali linabaki limelowa nyuma ya plasta nzuri, linalainika, na siku plasta inapoanguka inashuka na uso wa tofali umeng'ang'ania mgongoni mwake. Geuza kipande hicho umwonyeshe mzee. Ule wekundu ulioganda nyuma ya simenti ni tofali lake. Hiyo inamshawishi kuliko hotuba.

Dawa ya kuzuia maji ina mahali pake: kwenye tangi, kwenye bafu, kwenye msingi mpya. Kuiweka upande wa ndani wa ukuta unaolowa kutoka nje ni kuyahamisha maji yaende chumba cha jirani.

Nje nianzie wapi kama pesa ni kidogo?

Anzia kwenye paa na uwanja. Hapa ndipo mara nyingi unyevu wa nyumba za zamani unapokwisha, na ni kazi ambayo kijana mwenye jembe na ngazi anaweza kufanya.

Safisha gata, kisha mwaga ndoo ya maji juu yake utazame. Maji yakituama katikati, gata imelegea. Yakimwagika kwenye maungio, inahitaji kuzibwa. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 30, na mvua ya namna hiyo kando ya Ziwa Victoria ni ya kawaida tu, linashusha lita 3,000. Bila gata, lita hizo zote zinaanguka kwenye mguu wa ukuta na kurusha matope hadi usawa wa goti. Angalia pia bomba la kushushia maji linamwaga wapi. Nimeona nyumba zenye gata mpya kabisa ambazo bomba lake limeishia hewani, kwenye kona ileile inayooza. Ukiyaelekeza kwenye tangi umepata na maji ya kufulia.

Kisha uwanja. Chimba mpaka ardhi ya nje iwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Ondoa maua na migomba iliyopandwa ukutani, na ule mlundo wa matofali yaliyobaki tangu ujenzi. Ardhi iteremke kutoka kwenye ukuta, sentimita mbili na nusu kwa kila mita inatosha.

Mkanda wa zege unaozunguka nyumba ni mzuri ukiwa na mteremko na ukiishia kwenye mtaro. Lakini mkanda uliopasuka pale unapogusana na ukuta ni mbaya kuliko kutokuwa nao, kwa kuwa maji yanaingia kwenye ufa huo na hayatoki tena. Uzibe kwa lami. Na zoea la kumwaga maji ya vyombo nje ya mlango wa jikoni liishe. Ukuta huo ndio utakaokuwa wa kwanza kubanduka.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Ukuta wa nyuma umeegemewa na udongo hadi karibu na dirisha.

Hili ni la Kampala hasa, mji wa vilima. Mtu alikata mlima akajenga, au jirani wa juu alisawazisha kiwanja chake akasukumia udongo kwako. Ukuta wa nyumba haukujengwa kuzuia udongo, na hakuna plasta ya ndani itakayoshinda maji yanayosukumwa na mlima mzima.

Udongo uondolewe ukutani. Acha nafasi ya kupita mtu, jenga ukuta wa kuzuia udongo ulio peke yake wenye matundu ya kutolea maji, na chini uweke mtaro. Nafasi isipotosha, chimba mfereji kando ya nyumba hadi chini ya usawa wa sakafu, weka bomba lenye vitundu, lifunike kwa kokoto na kitambaa cha kuchuja udongo, na lipe mteremko hadi mahali pa kumwaga. Usichimbe ukuta mzima kwa siku moja, na usizidi kina cha msingi. Hapa lipa mhandisi akutazamie kwanza. Kama maji yanatoka kwa jirani, nendeni pamoja kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, kabla ya mvua, wakati bado mnasalimiana.

Na sisi wa bondeni?

Bwaise na Natete za Kampala, na sehemu zote zilizojengwa kwenye kinamasi zina maji karibu na uso wa ardhi. Wa kando ya ziwa nao: Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita kidogo ile rekodi ya 1964 ya mita 13.41, na nyumba nyingi za ufukweni ziliingiliwa. Mahali pa namna hii huwezi kuufanya ukuta ukauke kabisa. Lenga kuishi nao: plasta ya chokaa ambayo utaibadilisha kila baada ya miaka kadhaa, sakafu iliyoinuliwa, soketi zilizopandishwa juu, hakuna makabati ya mbao yaliyofungwa ukutani. Nyumba iliyosimama kwenye maji mara kwa mara inahitaji uamuzi mwingine ambao fundi hawezi kukufanyia.

DPC inaweza kuwekwa kwenye nyumba ambayo tayari imesimama?

Inaweza. Njia ya zamani ni kukata ukuta kipande kwa kipande, kisichozidi mita moja, ukiruka kipande na kurudi baadaye, unaingiza karatasi na kujaza kwa simenti. Ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu, na haifai kwa ukuta wenye nyufa. Njia nyingine ni kutoboa matundu kila baada ya sentimita 10 hadi 12 kwenye mstari wa chini wa maungio na kujaza dawa inayofukuza maji. Inafanya kazi kwenye tofali lililounganishwa vizuri. Kwenye ukuta wa udongo, au uliojazwa vifusi katikati, dawa inapotea tu.

Kwa maoni yangu, fanya kazi ya nje kwanza, subiri misimu miwili ya mvua, ndipo uulize tena kama unaihitaji. Wengi hawarudi kuuliza.

Ukuta unachukua muda gani kukauka?

Muda mrefu kuliko uvumilivu wa mwenye nyumba. Kanuni ya mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo ukuta wa inchi 9 unataka miezi tisa hivi. Jua letu na madirisha wazi vinaweza kuharakisha, mvua za Septemba hadi Desemba zinarudisha nyuma. Bandua plasta iliyooza mwanzoni mwa kiangazi na uache tofali wazi. Chumba kitaonekana kibaya. Kiache kibaya.

Nikishabandua, nipige plasta gani na rangi gani?

Kwangua maungio ndani sentimita moja na nusu hadi mbili, piga brashi, lowesha kidogo tu. Kwa tofali laini na maungio ya udongo, tumia chokaa moja kwa mchanga tatu. Mahali panapogongwagongwa, simenti moja, chokaa mbili, mchanga tisa. Au moja, moja, sita ukiwa na tofali gumu. Chokaa ya Tororo inapatikana, lakini inunue ikiwa kavu na mfuko mzima, maana chokaa iliyokaa dukani na kupigwa na hewa haishiki. Mchanga uwe umeoshwa. Ukiusugua kiganjani ukaacha matope, uoshe tena. Piga tabaka mbili au tatu nyembamba, acha kila moja ishike. Chini, plasta isiguse sakafu. Acha nafasi ya sentimita mbili au tatu, uifiche kwa ubao mwembamba.

Rangi: chokaa ya kupaka, au rangi ya maji isiyong'aa. Si ya mafuta, si ile inayotangazwa kuwa inaoshwa kama sahani. Na vigae vya ukutani kuanzia chini hadi kiunoni ni rangi ya mafuta kwa jina lingine.

Nyumba yetu ni ya udongo na fito, imepakwa simenti juu.

Gonga uone. Mara nyingi simenti imeachana na udongo, na katikati mchwa na maji wamepata njia. Itoe, kaza fito zilizooza, rudishia udongo uliochanganywa na majani makavu na mchanga, malizia kwa udongo laini wenye chokaa. Paa lenye upenu mrefu na msingi wa mawe ulioinuka ndivyo vinavyolinda ukuta wa namna hii.

Kona ya chumba cha watoto ina ukungu mweusi, na mmoja ana pumu. Nje hakuna tatizo lolote.

Hapo tazama hewa. Watu wanne wanaolala chumba kimoja wanatoa mvuke usiku kucha, nguo zinaanikwa ndani kwa sababu ya mvua, na chungu cha maharage kinachemka kwa muda wa saa tatu jikoni mlango ukiwa wazi. Mvuke unaganda kwenye sehemu ya baridi zaidi. Kabale na Fort Portal, ambako usiku una baridi kweli, hili ni la kawaida kuliko Jinja.

Nyumba za zamani zilijengwa na matundu ya hewa juu ya madirisha. Nenda kayatazame. Nina hakika kiasi kwamba yamezibwa kwa magazeti au mfuko wa nailoni kwa sababu ya mbu. Yafungue, weka wavu wa chuma. Sogeza kabati kiasi cha upana wa kiganja kutoka ukutani. Fungua madirisha asubuhi.

Ukungu wenyewe ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ukiwa umevaa barakoa na glavu, watoto wakiwa nje. Usiupige brashi kavu, utaurusha hewani. Ukitumia jiki, usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Godoro au mbao laini iliyooteshwa ukungu hadi ndani haisafishiki. Pumu ya mtoto isisubiri ukuta ukauke, mpeleke kituo cha afya.

Na tafadhali, msiwashe sigiri chumbani ili kukausha ukuta. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua watu wakiwa wamelala.

Kuna ufa. Ni lini niogope?

Nyufa nyembamba za uzi kwenye plasta ni za kukauka tu. Ogopa ufa unaopanda kama ngazi kupitia maungio, unaopita pande zote mbili za ukuta, unaoingiza ncha ya kidole, au unaofanya mlango ukatae kufunga. Paka kipande kidogo cha plasta ngumu juu ya ufa na uandike tarehe. Kikipasuka, nyumba bado inasogea. Mwite mhandisi kabla ya mpaka rangi. Watu wa Toro, magharibi mwa Uganda, wanajua kwamba chanzo si maji siku zote: matetemeko ya 1966 na 1994 yaliacha nyufa kwenye nyumba ambazo bado zinakaliwa, na mvua imekuwa ikiingilia humo tangu hapo.

Swichi iliyo kwenye ukuta uliolowa inanipiga kidogo. Ni kawaida?

Hapana. Zima swichi kuu leo, mwite fundi umeme mwenye leseni, na asiyekuwa yeye asiguse. Mwambie akague pia waya wa ardhi.

Fremu ya mlango imekuwa laini chini, na kuna njia za udongo ukutani.

Mchwa. Wanapenda mbao iliyolowa. Kuwapulizia dawa bila kukausha ukuta ni kuwaalika warudi.

Paa letu ni la asbesto la zamani na linavuja. Naweza kuliziba?

Usilitoboe, usilipige msasa wala brashi ya waya, usilipande. Vumbi lake likivutwa linaleta saratani na maradhi ya mapafu baada ya miaka mingi. Ukilibadilisha, mabati hayo yatolewe mazima, yakiwa yameloweshwa, na watu wenye vifaa, na ofisi ya mazingira ya wilaya ielekeze pa kuyazika.

Mimi ni mpangaji. Nani alipe?

Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba akupe nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu. Nawe unatakiwa kuitunza. Kwa hiyo paa, msingi na bomba lililo ukutani ni vyake. Matundu uliyoziba wewe ni yako. Mpelekee taarifa kwa maandishi, na picha zenye tarehe, mapema. Usitengeneze kwanza ukakata kwenye kodi bila makubaliano yaliyoandikwa, maana hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Nataka kununua nyumba ya zamani. Nikague nini kwa muda mfupi?

Nenda baada ya mvua, si wakati wa jua ambao dalali anaupenda. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, au upande wa chini tu, iulizwe. Sogeza kochi na kabati. Nusa chumba kilichofungwa usiku. Piga goti nje ulinganishe ardhi na sakafu. Panda darini. Waulize wapangaji, si mwenye nyumba, ni chumba gani huwa hawaweki godoro chini.

Nikimpata fundi, tukubaliane vipi?

Muulize maji yanatoka wapi kabla hujamuuliza bei. Akijibu "tutapiga plasta nzuri", shukuru umwache aende. Andikeni: atabandua hadi wapi, mchanganyiko gani, nani ananunua vifaa. Lipa kwa hatua, na bakiza sehemu ya mwisho mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Fundi anayeijua kazi yake atalalamika kidogo kisha atakubali; muwekee tarehe ya kuja kuangalia mwenyewe, mkiwa wawili, na penseli ya kuchora ukingo wa baka kama lipo.